Meneja wa Wiki Tatu

MaKhawula alikuwa amebakisha blanketi moja. Suruali za mwalimu zilishaanikwa, sare za watoto wa jirani zilikuwa zinachuruzika maji kambani, na jua la Clermont, kitongoji cha nje ya Durban, lilikuwa halijavuka paa la kanisa. Blanketi ndilo lililomkorofisha. Likilowa, linakuwa na uzito wa mlevi aliyekataa kuamka. Alikuwa analikanyaga ndani ya beseni, sketi kaipandisha magotini, povu limemfika kwenye mashavu ya miguu.

"MaKhawula!" jirani yake MaNyuswa alimwita kutoka upande wa pili wa uzio. "Leo si ndiyo kesi?"

"Leo ni kuongea tu. Kesi yenyewe bado."

"Sasa mbona unafua kama mtu anayehama?"

"Nikirudishwa kazini utanipata wapi? Blanketi lako utalifua na mumeo."

"Mume gani? Yule hata soksi zake anaziogopa!"

Walicheka, kisha MaKhawula akakamua blanketi, akalitupa kambani, akaenda kuvaa.

Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi Silwerwas, kiwanda cha kufulia kule Pinetown, kwenye mashine kubwa ya kupiga pasi mashuka ya hoteli. Shuka linaingia likiwa na mikunjo, linatoka limenyooka kama barabara ya waziri. Wiki kumi zilizopita walimfukuza. Walisema ameiba mashuka sita.

Kuyachukua aliyachukua, wala hakuwahi kukana. Kiwandani pale kulikuwa na desturi yao. Shuka likichanika au likishika doa lisilotoka, msimamizi hulikata pembe moja kwa mkasi, likawa halina hoteli tena. Likatupwa kwenye pipa la matambara. Mfanyakazi akifiwa, wenzake huchukua mashuka ya pembe iliyokatwa, wakayapeleka msibani. Yanafunika vioo na televisheni, yanatandikwa chini kwa akina mama wanaokaa na mfiwa. Mzee Ndimande, msimamizi wa zamani, ndiye aliyekuwa akiyachagua kwa mkono wake. "Haya, hili litamfaa marehemu, alikuwa mtu wa usafi," anasema, na watu wanacheka huku wanalia. Hakuna aliyewahi kuandika chochote. Nani anaandika kibali cha msiba?

Mzee Ndimande akastaafu, akarudi kwao Nongoma kufuga kuku. Mwezi uliofuata mume wa MaSibiya wa idara ya taulo akafariki. MaKhawula akachukua mashuka sita ya pembe iliyokatwa, kama walivyofanya siku zote. Getini mlinzi mpya akafungua mfuko.

Alichokitaka sasa ni kitu kimoja. Hakutaka barua ya sifa wala kifuta jasho. Alitaka kusimama tena mbele ya mashine yake.

*

Ofisi ya Tume ya migogoro ya kazi ilikuwa ghorofa ya tano katikati ya Durban, na lifti yake ilikuwa imefukuzwa kazi pia. MaKhawula alipanda ngazi, akafika juu akihema. Alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya watu waliovaa nguo zao za kanisani. Ndivyo unavyomjua mtu aliyefukuzwa kazi: amevaa vizuri siku ya Alhamisi.

Wakili wake alifika mbio, faili kifuani. Alikuwa binti wa Kihindi kutoka Chatsworth, Yashmira Govender, wa kituo cha msaada wa sheria wa bure. Faili la MaKhawula lilikuwa mikononi mwake kwa siku mbili tu.

"Anti, shikamoo. Shahidi yuko wapi? Mzee Ndimande?"

"Yuko Nongoma na kuku wake. Nilimwambia asijisumbue. Leo ni usuluhishi, mwanangu. Barua imesema."

Yashmira alinyosha mkono. "Naomba niione hiyo barua."

MaKhawula aliitoa kwenye mkoba, imekunjwa mara nne. Yashmira aliisoma, akaigeuza, upande wa pili ulikuwa mweupe.

"Ukurasa wa pili uko wapi, Anti?"

"Ilikuja kwenye simu ya binti wa MaNyuswa. Nikaenda kuitoa pale dukani, wanatoza kila ukurasa. Huo wa pili ulikuwa na maneno madogo madogo tu. Nikasema hizo ni kanuni zao, watabaki nazo wenyewe."

Binti aliketi polepole. "Hayo maneno madogo yanasema hivi: usuluhishi ukishindikana, kesi inasikilizwa palepale, leo hii. Labda uwe umepinga kwa maandishi siku saba kabla. Nilidhani mwenzangu aliyepokea faili alipinga."

"Na mimi nilidhani wewe ndiye unayedhani sawasawa."

Yashmira alitoka nje kumpigia Mzee Ndimande. Simu iliita, ikapokelewa, kukasikika jogoo, halafu sauti ya mzee. Nongoma mpaka Durban ni zaidi ya saa nne kwa mwenye gari. Mzee hakuwa na gari. Alikuwa na kuku.

"Waambieni nitasema kwenye simu!" alipiga kelele mpaka watu watatu wakageuka. "Waambieni mimi ndiye niliyekata hizo pembe!"

*

Chumba kilikuwa na meza moja, mashine ndogo ya kurekodi, na Kamishna mmoja aitwaye Mthiyane, mwanamume wa makamo mwenye tai fupi. Mbele yake kulikuwa na mafaili matano. La MaKhawula lilikuwa la pili. Yashmira aliambiwa asubiri nje, kwa kuwa mawakili hawaingii kwenye usuluhishi.

Upande wa pili wa meza alikaa kijana Lungisani Cele, msimamizi aliyeshika nafasi ya Mzee Ndimande. Hakumtazama MaKhawula. Pembeni yake alikaa mzungu mnene mwenye mashavu mekundu na kalamu ya dhahabu.

"Sawubona, Mama," mzungu alisema kwa Kizulu safi kuliko cha wajukuu wa Clermont. Alikulia shambani kule Vryheid, lugha aliinyonya kwa yaya. "Mimi ni Hattingh. Meneja wa mahusiano ya wafanyakazi, Silwerwas."

MaKhawula alimwangalia. Miaka kumi na tisa pale, na yeye hakuwahi kumwona meneja huyu hata kwenye picha ya Krismasi.

Usuluhishi ulichukua dakika kumi na moja. Hattingh alisema kampuni ina huruma, itampa mshahara wa mwezi mmoja na barua inayosema alijiuzulu.

"Mama, chukua," Kamishna alisema, sauti yake laini. "Mimi naziona kesi hizi kila siku. Ukienda mbele unaweza kukosa vyote. Huo ni ushauri wa bure."

"Nashukuru, baba. Mimi sikujiuzulu. Nataka kazi yangu."

"Kazi hiyo ina mtu tayari."

"Basi atasogea. Mashine ni pana, tulikuwa tunaishika wawili."

Lungisani nusura acheke. Kamishna hakucheka. Aliandika kwamba usuluhishi umeshindikana, akabonyeza mashine ya kurekodi, taa nyekundu ikawaka. Sauti laini ikaondoka na usuluhishi wake. Mtu yuleyule aliyemwambia atashindwa sasa alikuwa hakimu wa kuamua kama atashindwa.

"Tunaanza kusikiliza kesi. Mlalamikaji ana mwakilishi?"

Yashmira aliitwa. Aliingia, akasimama, akaomba ruhusa ya kumwakilisha.

Hattingh aliinua kalamu. "Napinga, Kamishna. Hii ni kesi ya utovu wa nidhamu. Kanuni iko wazi, mawakili hawaruhusiwi mpaka pande zote zikubali. Mimi sikubali. Tunataka mambo yawe rahisi, watu wa kazi waongee wenyewe kwa wenyewe."

"Kanuni inakupa wewe Kamishna uwezo wa kuruhusu," Yashmira alisema haraka, "ikiwa upande mmoja utaonewa kwa kukosa wakili. Huyu mama aliishia darasa la nane. Na Bwana Hattingh ni wakili! Mwezi jana nilimwona Mahakama ya Kazi, amevaa joho."

"Nililivua," Hattingh alisema, akatabasamu. "Sasa mimi ni mwajiriwa. Barua ya ajira hii hapa."

Kamishna aliichukua, akaisoma. "Ya tarehe mbili mwezi huu."

"Ndiyo."

"Wiki tatu zilizopita," Yashmira alisema. "Wiki moja baada ya kampuni kupata wito wa kesi hii!"

"Kanuni haisemi mwajiriwa awe wa siku ngapi," Hattingh alijibu. "Angeajiriwa jana, ni mwajiriwa."

MaKhawula aliinua mkono kama mwanafunzi. "Baba Kamishna, naomba kumuuliza mwenzangu wa kazini. Choo cha wanawake pale kiwandani kiko upande gani wa mashine za kukamua?"

"Mama."

"Hata cha wanaume atuambie."

"Mama, tafadhali. Hili si suala la vyoo." Kamishna alitazama saa ya ukutani, kisha mafaili matatu yaliyobaki. "Maombi yamekataliwa. Kesi yenyewe ni ndogo, ni ya mashuka. Haina ugumu wa kisheria. Miss Govender, toka nje."

"Naomba basi kesi iahirishwe, shahidi yuko Nongoma. Au azungumze kwa simu."

"Wito ulieleza. Ukurasa wa pili. Sisikilizi mashahidi nisiowaona. Toka nje."

Yashmira alimwinamia MaKhawula sikioni. Maneno yake yalikuwa manne tu, maana Kamishna alikuwa anamwangalia: "Waulize kuhusu wengine wote." Kisha mlango ukafungwa, na kupitia kioo chenye ukungu ulionekana mgongo wake tu.

*

Hattingh aliwasilisha kesi yake kama mtu anayemenya chungwa. Kitabu cha kanuni za kampuni, ukurasa wa tisa: mali haitoki bila kibali cha maandishi. Sahihi ya MaKhawula ya kukipokea kitabu, miaka sita iliyopita. Maelezo ya mlinzi wa getini. Picha ya mashuka sita mezani. Kila karatasi ilikuwa na namba, kila namba ilikuwa na nakala tatu, na MaKhawula alipewa ya kwake, rundo zito kama lile blanketi.

Kisha akamwongoza Lungisani. Ulikuwepo? Ndiyo. Alikuomba ruhusa? Hapana. Wewe ndiye msimamizi? Ndiyo. Basi.

"Mama, unaweza kumuuliza shahidi maswali," Kamishna alisema. "Maswali, si hotuba."

MaKhawula aliyasogeza makaratasi pembeni. "Lungi."

"Ma."

"Usiniogope. Nimekufundisha kukunja taulo mwenyewe, mwanangu. Mashuka yale yalikuwa na pembe au hayana?"

"Yamekatwa pembe, Ma."

"Yakikatwa pembe yanakwenda wapi?"

"Kwenye pipa la matambara."

"Baada ya pipa?"

"Lori linakuja kuyachukua. Yanachanwa, yanakwenda gereji, wanapangusia mafuta."

"Kwa hiyo mimi nimewaibia mafundi gereji."

"Swali, Mama," Kamishna alisema.

"Ndiyo, baba, linakuja, liko njiani." Alijiweka sawa kwenye kiti. Alikuwa anafikiria yale maneno manne. Wengine wote. "Lungi, mzee wako alipofariki. Mwezi wa nane mwaka juzi. Mliwalaza wapi akina mama?"

Lungisani alianza kutazama vidole vyake.

"Chumba cha mbele, siyo? Na kile kioo kikubwa cha kabati la mama yako, kilifunikwa na nini?"

Mashine ya kurekodi ilikuwa inanguruma kidogo, kama paka.

"Napinga," Hattingh alisema. "Haya hayahusiani. Hatumjadili marehemu baba wa shahidi, na kwa heshima zote, ni kumuumiza tu kijana."

"Kilifunikwa na nini, Lungi? Na mashuka nani aliyaleta? Mimi niliyabeba kichwani kutoka kituoni mpaka kwenu, wewe ukanipokea pale mlangoni. Ulifukuzwa kazi? Nilifukuzwa? MaSibiya, Zodwa wa mapokezi, yule baba wa boila, nani alifukuzwa kati yetu wote?"

"Kamishna!"

"Mama, inatosha." Kamishna aliinua kiganja. "Hapa hatuko msibani. Unatuhumiwa wewe, si kioo cha akina Cele. Shahidi, usijibu."

Nje ya mlango ule wenye ukungu alikuwepo mtu mmoja ambaye angesimama na kusema kwamba swali hilo lina jina katika sheria. Kwamba kampuni ikiwaacha ishirini na kumfukuza mmoja kwa kosa lilelile, mtu lazima ajieleze, na kukataza jibu ni kuua nusu ya kesi. Ndani alikuwepo mwingine aliyeyajua hayo vilevile, alifaulu mtihani wake kabla binti yule hajazaliwa. Huyo alikuwa anapiga mstari kwenye daftari kwa kalamu ya dhahabu.

MaKhawula hakulijua jina la swali lake. Alijua tu kwamba Lungisani amepigwa marufuku kusema ukweli, na kijana alikuwa anatazama vidole vyake kama anavihesabu upya.

Ikafika zamu ya Hattingh kumhoji yeye.

"Mama, mashuka ni mali ya nani?"

"Ya hoteli kwanza. Yakikatwa pembe..."

"Wewe uliyanunua?"

"Hapana."

"Ulikuwa na kibali cha maandishi?"

"Hakijawahi kuwepo kibali cha..."

"Ndiyo au hapana, Mama. Nakuuliza kwa heshima."

"Hapana."

"Mzee Ndimande alikuwa bado msimamizi siku hiyo?"

"Alikuwa ameshastaafu, lakini desturi haistaafu."

"Ahsante." Alifunga kalamu. Kilio chake chote cha kumhurumia kijana kilikuwa kimemkauka. "Sina zaidi."

Saa ilikuwa tano kasoro. Kesi ya miaka kumi na tisa ilikuwa imekula dakika hamsini, na bado Kamishna alionekana kama mtu aliyeibiwa muda.

"Uamuzi utatoka ndani ya siku kumi na nne," alisema, akabonyeza mashine. Taa nyekundu ikazima. "Kuna fomu moja ya kusaini, ya kumbukumbu."

Alimsogezea MaKhawula karatasi moja. Safari hii MaKhawula alisoma kila kitu, mpaka namba ya simu ya kiwanda kilichochapa fomu. Katikati palikuwa na mstari ambao mtu alishaujaza kwa mkono: *Mlalamikaji alichagua kujiwakilisha mwenyewe.*

"Nani alichagua?" aliuliza.

"Ni lugha ya fomu tu, Mama."

"Nikopesheni kalamu."

Hattingh, kwa adabu za shambani, akampa ile ya dhahabu. MaKhawula aliinama. Alikata ule mstari mara moja, mara mbili, mpaka karatasi ikatoboka, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa za darasa la nane: WAKILI WANGU AMETOLEWA NJE. WAO WAMEBAKI NA WAKILI WAO. Akasaini, akaandika tarehe, akairudisha kalamu.

Kamishna aliiangalia ile fomu. Shingo ilimvimba juu ya tai. "Fomu ya ofisi haichorwichorwi."

"Sijachora, baba. Nimesahihisha."

Aliivuta droo, akatoa nyingine safi. Akaijaza upya, mstari kwa mstari, na mahali pa sahihi akaandika: *Mlalamikaji amekataa kusaini.* Ile ya kwanza aliichana vipande viwili, taratibu, akavitupa kwenye kapu.

"Unaweza kwenda, Mama."

Lungisani alisimama kumfungulia mlango. "Samahani, Ma," alinong'ona.

"Nenda kazini, mwanangu. Usichelewe. Mtu mmoja kufukuzwa kunatosha kwa leo."

*

Kwenye ukumbi Yashmira alikuwa amesimama palepale, macho mekundu. MaKhawula alimsimulia yote, na binti aliandika kwa kasi mpaka kalamu ikakwaruza.

"Tutaomba mapitio mahakamani, Anti. Kakukatalia swali lile, kakukatalia shahidi, kachana fomu. Tunaweza kushinda."

"Lini?"

Yashmira aligeuza ukurasa. "Miaka miwili. Wakati mwingine mitatu."

"Hm." MaKhawula alikaa ili avue kiatu kilichombana. "Na mashine yangu itakuwa imeshazoea mikono ya mtu."

Mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa. Karani wa Tume, mwenye karatasi ya orodha, alitazama viti vya plastiki.

"Kiwanda cha magodoro, eneo la Jacobs! Mlalamikaji, Baba Mkhwanazi!"

Mzee mwembamba mwenye koti la kijivu, la harusi ya zamani, alisimama. Alikuwa peke yake. Mkononi alishika barua ya ukurasa mmoja.

"Na mwajiri?" karani aliuliza.

"Yupo, yupo," sauti ilisema kwa Kizulu kizuri cha Vryheid.

Hattingh alitokea kwenye chumba cha Kamishna Mthiyane, faili jipya kwapani. Alipita mbele ya MaKhawula akimwinamia kichwa kwa heshima, akampa karani mkono.

"Hattingh," alisema. "Meneja wa mahusiano ya wafanyakazi, magodoro." Akatoa barua kwenye faili, ingali na harufu ya wino.

Yashmira aliacha kuandika, kalamu ikabaki hewani.

MaKhawula alisimama, mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi. Aliuvuka ukumbi hivyohivyo, akamwahi mzee mlangoni, akamshika mkono wa koti.

"Baba Mkhwanazi, kabla hujakaa, kabla hujasema hata jina lako," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye ngazi, na viti vyote vya plastiki vikageuka. "Muulize huyu bwana ana kazi ngapi. Mwambie aliyekutuma kuuliza alikuwa na moja tu."